Bili ya Ijumaa inagawanywa sawa na posho yangu ni ndogo, nifanyeje?

"Shikamoo Anti. Mimi nasoma masta hapa Wuhan, China, mwaka wa kwanza, natokea Tanga. Nina skolashipu ya serikali ya China, posho yuan 3000 kwa mwezi, hosteli bure. Tuko kundi la watu saba: Mpakistani, Mghana, Mwethiopia, Mthailandi, Warusi wawili na mimi. Kila Ijumaa jioni tunatoka kula nje na hao ndo marafiki zangu huku, bila wao ningekuwa nishaomba kurudi nyumbani. Shida ni bili. Tunagawana sawa kwa sawa, mi sili nguruwe, sinywi pombe, naishia kula mboga na wali ila nalipa 120 mpaka 140 kama wengine. Kwa mwezi zinaenda kama 500, na mama namtumia 800. Naogopa kusema nitaonekana mchoyo, kwetu kuhesabu chakula mezani ni aibu. Ijumaa mbili nimedanganya naumwa. Mtanzania mwenzangu ananiambia niachane nao nikae na Waswahili wenzangu, mwingine kanitafutia kazi ya kufundisha watoto Kiingereza wikiendi. Na kuna Mchina wa darasani alitualika wote akalipa peke yake, sijui namrudishiaje. Nisaidie Anti."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nalipata sana, linakuja na sura tofauti kutoka Wuhan, kutoka Ankara, kutoka Leipzig, ila ndani ni lilelile: nawapenda hawa watu, nawahitaji, na kila nikikaa nao nahesabu hela kimoyomoyo mpaka chakula hakipiti. Kwanza nikutoe wasiwasi kwenye jambo moja. Kulipia bia ya mtu mwingine kila wiki wakati umekula mboga na wali, halafu ukaumia, sio uchoyo. Mchoyo ni mwenye nacho anayeficha. Wewe una yuan 3000, ukimtumia mama 800 unabaki na 2200, na katika hizo robo nzima kasoro kidogo inaishia kwenye meza ya Ijumaa. Hizo hesabu kila mtu mwenye akili angezifanya.

Sasa kuna vitu kwenye barua yako vinahitaji kunyooshwa kidogo, maana usipovinyoosha utaishia kuwachukia watu ambao hawajakukosea.

Unaandika kana kwamba wenzako wanakubebesha mzigo makusudi. Hapana. Shida iko kwenye utaratibu wenyewe wa kugawana sawa, huo utaratibu una tabia yake, haujali nyie ni watu wema au wabaya. Angalia hivi, mko saba, mtu anatamani sahani ya samaki ya yuan 70. Angekuwa analipa mwenyewe angefikiria mara mbili, lakini kwa sababu inagawanywa kwa saba, kwake yeye ile samaki ni yuan 10 tu, zile 60 zinakwenda kwa wenzie. Kwa hiyo anaagiza. Na yule wa pili naye anafanya hesabu hiyohiyo bila hata kujua kwamba anaifanya, na wa tatu, na wa nne anaongeza bia mbili, mwisho wa siku bili inakuja 900 na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia ya kutumia kiasi hicho. Watafiti watatu, Uri Gneezy na wenzake, walichapisha jaribio la hili jambo mwaka 2004. Waliwapeleka watu mgahawani jirani na chuo cha Technion kule Haifa, Israel, sita sita kwa kila meza. Meza ambazo kila mtu alilipa chake, wastani ulikuwa kama shekeli 37 kwa mtu. Meza zilizogawana sawa, kama shekeli 51. Na meza ambazo watafiti ndo waliolipa kila kitu, shekeli 82. Wale hawakuwa wanafahamiana, kwa hiyo marafiki labda wanaoneana haya zaidi, sikatai. Lakini kitu ninachotaka ukikamate ni hiki, wengi wao walipoulizwa kabla walisema wangependelea kila mtu alipe chake, na bado walipowekwa kwenye meza ya kugawana waliagiza kwa kujiachia. Maana yake nini kwako? Maana yake kuna uwezekano mkubwa kwenye hilo kundi lenu hauko peke yako unayeumia. Yule Mwethiopia na yule Mghana, kama nao wako kwenye skolashipu kama yako, wanapokea posho ileile. Mtu wa pili anayetamani kusema yupo, anasubiri aanze mwingine.

Na huyo Mpakistani! Mdogo wangu, umemtaja ukapita. Kama ni Muislamu anayeshika dini yake, naye hali nguruwe, naye hanywi, naye analipa 130. Huyo ndiye wa kuanza naye kuongea kabla ya mtu mwingine yeyote, na ukienda kwenye kundi mkiwa wawili haliwi tena tatizo la binti mmoja wa Tanga, ni jambo la meza.

Jambo la pili, hili la kwamba ukipunguza Ijumaa utawapoteza. Hofu hii naielewa, ndo kubwa kuliko zote, na haitokani na ujinga. Mtu akiwa ugenini anahitaji watu wa aina tatu: wa nyumbani kwao wanaomkumbusha yeye ni nani, wenyeji wanaomwonyesha mambo ya pale yanavyokwenda, na wageni wenzie ambao wanahangaika kama yeye. Mambo haya yalianza kuandikwa na mtafiti Stephen Bochner na wenzake mwaka 1977 kwa wanafunzi wa kigeni waliokuwa Hawaii na mpaka leo nayaona kwa wanafunzi ninaoongea nao. Wale wageni wenzio ndo mara nyingi wa kucheka nao na kutoka nao, kwa hiyo yule anayekwambia uachane nao ukae na Waswahili tu anakutaka upunguze mguu mmoja wa kiti cha miguu mitatu. Waswahili wenzio wahitaji, sana tu, Idi ikifika utawatafuta, lakini usiache hawa kwa ajili ya wale.

Lakini angalia urafiki unajengwa na nini. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti mwaka 2018, akakadiria kwamba mtu mnayefahamiana tu anakuwa rafiki wa kawaida baada ya kama saa 50 za kuwa pamoja, rafiki hasa kama saa 90, na rafiki wa karibu ni zaidi ya saa 200. Saa za kupumzika pamoja ndo zinajenga, kukaa darasa moja au kufanya kazi pamoja hakusaidii sana. Ijumaa moja yenu ni kama saa tatu, muhula wa wiki 16 unakupa 48. Sasa nionyeshe mahali palipoandikwa saa hizo lazima ziwe na sahani za yuan 90. Saa ya jikoni hosteli ni saa, saa ya kutembea ukingoni mwa ziwa East Lake jioni ni saa. Kinachoua urafiki ni kukatika, yaani kile unachokifanya sasa cha kudanganya unaumwa, maana mtu akikosekana Ijumaa mbili tatu bila sababu inayoeleweka wenzie wanaanza kufikiri amekasirika au hawapendi, na wanaacha kumuita kwa heshima tu. Kati ya yote uliyoniandikia hicho ndo kimenitia wasiwasi zaidi, kuliko hela.

Haya, ufanye nini. Kuna njia kadhaa na hakuna hata moja isiyo na kasoro.

Ya kwanza inayokuja kichwani kwa kila mtu ni "kila mtu alipe chake". Kwenye mgahawa wa pasta ingefanya kazi. Huko uliko ni ngumu, kwa sababu chakula cha Kichina kinawekwa katikati, sahani nane kwenye meza ya kuzunguka, kila mtu anachokoa na vijiti vyake, sasa nani atahesabu umekula vipande vingapi vya biringanya? Ukianza huo mchezo utaharibu jioni na kweli hapo utaonekana wa ajabu. Mi sikushauri.

Iliyo nyepesi ni kutoa pombe kwenye hesabu. Tuseme bili 900, humo bia na baijiu, ile pombe kali ya Kichina, ni 300. Chakula 600 kwa saba ni kama yuan 86 badala ya 129. Hii hata wanywaji wenyewe wanaona ni haki, watu wengi wanafanya hivyo tayari, na sio ngumu kwenye simu, kwenye WeChat, ile programu ya ujumbe na malipo, yule aliyelipa akifungua ule mchango wa kundi anaweza kuchagua wote sawa au kuweka kiasi tofauti kwa kila jina. Ni sekunde chache. Kasoro yake bado utakuwa unachangia nguruwe usiyoila. Ndo maana siishii hapo.

Iliyo bora kwa maoni yangu, na hii naisema kwa nguvu, ni wewe na Mpakistani mshike zamu ya kuchagua mgahawa. Anayechagua mgahawa ndiye anayepanga bili kabla hata mtu hajakaa. Mkiwapeleka kwenye migahawa ya qingzhen, yaani ya Waislamu wa Kichina, mambo mawili matatu yanajipanga yenyewe: nyama yote unakula, pombe sehemu nyingi hawauzi, na bei kwa kawaida iko chini. Tafuteni wanaopika vyakula vya Xinjiang, kule kaskazini magharibi mwa China kwenye Waislamu wengi, muagize dapanji, hiyo ni sahani kubwa kama sinia, kuku aliyekatwakatwa na mifupa yake, viazi, pilipili hoho, pilipili kavu, mchuzi mzito mwekundu, halafu nyama ikiisha karibu robo tatu unawaambia walete tambi zile pana kama mkanda wanazimwaga humo ndani zinyonye mchuzi wote uliobaki. Sahani moja inalisha watu wanne watano. Ongezeni mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba. Hakuna Mrusi atakayelalamika, hiyo nakuhakikishia. Na siku za kubana kabisa kuna zile tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, bakuli moja kila mtu na lake, mchuzi wa ng'ombe, hapo hata kila mtu kulipa chake kunawezekana maana bakuli halichangiwi.

Nikiwa hapo hapo kwenye chakula. Unasema unakula mboga na wali, sawa, lakini ujue kwenye mgahawa wa kawaida China mboga nazo mara nyingi zinakaangwa kwa mafuta ya nguruwe au zinanyunyiziwa mvinyo wa kupikia, na kwenye menyu ukiona "rou", yaani nyama, peke yake bila kutajwa mnyama, chukulia ni nguruwe. Na zile siku za hotpoti, chungu kikiwa kimoja na wenzio wanachovya nguruwe humohumo, mboga zako zinachemka kwenye supu ileile, na supu nyekundu za kina Chongqing zinatengenezwa na mafuta ya ng'ombe ambaye hujui alichinjwa vipi. Hukumu yake ya kidini muulize imamu, Wuhan misikiti ipo, mmojawapo uko Wuchang mtaa wa Qiyi, mimi nakupa tu habari za jikoni. Ukiwaambia wenzako "siwezi kula kwenye chungu hiki kwa dini yangu" wataelewa haraka kuliko ukisema "ni ghali", na ni kweli tupu, sio kisingizio.

Halafu njia nyingine, kupika. Hosteli nyingi za wanafunzi wa nje zina jiko la pamoja. Pendekeza Ijumaa moja kwa mwezi, au mbili, mtu mmoja anapika chakula cha kwao na wengine wanachanga viungo. Pilau unaiweza, bizari nyembamba ipo kila soko wanaiita ziran, mdalasini upo, iliki na karafuu zipo, nyama nunua kwenye bucha la qingzhen. Ukitaka wali wa nazi angalia usinunue lile tui la kwenye boksi la kunywa, lile lina sukari, utapata wali mtamu kama keki, tafuta la kopo lisilo na sukari. Ukiweka hesabu pamoja, Ijumaa mbili za nje bila pombe na mbili za jikoni kwa mchango wa 30 au 40, unatoka kwenye 500 unaingia kwenye 250 hivi. Hujakosa Ijumaa hata moja. Kasoro ya kupika ni kwamba inachosha, na wasichana mnaangukiwa na kazi ya wote msipoangalia, kwa hiyo zamu iandikwe na hao Warusi nao wapike, hata kama ni viazi vya kuchemsha.

Sasa unasemaje? Muda ni muhimu kuliko maneno. Usiseme bili ikiwa mezani, hapo kila mtu ameshiba, wawili wamelewa kidogo, na sentensi yoyote kuhusu hela itasikika kama lawama kwa waliokwisha agiza. Sema Jumatano. Ukishaongea na Mpakistani, mwandikie yule anayepangaga mambo ya Ijumaa, kila kundi lina mtu wake, umwambie kitu kama: "Nazipenda Ijumaa zetu na nataka niwepo zote. Posho yangu haihimili bili ya kugawana sawa kila wiki. Naomba pombe walipie wanywaji, na wiki hii mimi na fulani tuchague sehemu ya halali, tumepata nzuri." Basi. Usijieleze sana, usiombe msamaha mara tatu, usitaje hela ya mama, hiyo ni siri yako na mama. Na zile Ijumaa mbili za kuumwa usianze kuungama kwenye kundi, zipite.

Wakikubali, na wengi watakubali, endelea na maisha. Kukiwa na mmoja anayenuna ndo watu, subiri. Ila wakikucheka, au wakaanza kukulazimisha ufanye ganbei, yaani umalize glasi ya baijiu kwa mkupuo, wakati wanajua hunywi, hapo umepata jibu la aina nyingine na itakubidi upunguze. Kwenye kugonganisha glasi inua kikombe cha chai, inatosha, Wachina wenyewe wanakubali hivyo.

Yule Mchina aliyelipa peke yake usimuogope. Kwao aliyealika ndiye anayelipa, na utawaona watu wazima wanagombania bili pale kaunta mpaka wanasukumana, ni heshima. Siku hizi wanafunzi wenyewe kwa wenyewe wanagawana sana, lakini yeye aliwaalika kama mwenyeji. Hatarajii umrudishie kiasi kilekile na ukimpelekea hela yake utamvunjia heshima. Kinachotarajiwa ni mlango usifungwe, yaani na wewe siku moja umuite. Ijumaa yako ya pilau, muite. Kwa Mswahili wa pwani hii ni rahisi, tumekulia humo.

Hiyo kazi ya kufundisha Kiingereza wikiendi, hapana. Hapa sibembelezi. Kibali chako ni cha kusoma. Sheria ya China ya uingiaji na utokaji, iliyoanza kutumika Julai 2013, inahesabu mwanafunzi anayefanya kazi nje ya alichoruhusiwa kuwa ni mfanyakazi haramu, faini ni yuan 5000 mpaka 20000, ikionekana ni kubwa unaweza kuwekwa ndani siku 5 hadi 15, na kuna kurudishwa nyumbani. Yaani faini ya chini kabisa ni Ijumaa zako za miezi kumi. Anayekuunganishia anapata kamisheni yake, polisi wakija hayupo. Kama unataka kufanya kazi kihalali kuna utaratibu wa kuomba ruhusa ya chuo halafu polisi wa uhamiaji wanaiandika kwenye kibali chako, nenda kaulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na mpaka uione imeandikwa usifundishe mtoto hata mmoja.

Mwisho, kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kama kabla ya mwisho wa mwezi unaruka milo, au umeanza kukopa kwa watu au kwenye programu za simu, nenda ofisi hiyohiyo ukawaambie posho haifiki, na uongee na uongozi wa wanafunzi wa Kitanzania hapo Wuhan, wao wameshasaidia wengi kimyakimya. Na kama kule kudanganya unaumwa kumeanza kuwa kweli, unakaa chumbani siku nzima, usingizi hauji au unalala mchana kutwa, chakula hakina ladha, unalia bila sababu, na imepita wiki mbili hivi, hiyo sio bili tena. Muombe mshauri wa masomo akupeleke kwa mtu wa ushauri nasaha wa chuo, uliza kama yupo anayeongea Kiingereza, na ukiona aibu kwenda peke yako mchukue mmoja wa hao hao wa Ijumaa akusindikize. Ikifika mawazo ya kujidhuru, usisubiri asubuhi, gonga mlango wa jirani au piga 120, hiyo ni ambulansi, usiku huohuo. Na mimi niandikie baada ya Ijumaa mbili tatu uniambie walisemaje.